Neno la Fundi

Hapa mjini Baraka, mashariki mwa Kongo, watu wengi wanajua kwamba ninajua Kiingereza. Wengi wanajua pia kwamba wageni wakija, mimi hupatwa na ugonjwa wa koo. Mwezi uliopita walifika wawili kanisani kwetu, mtu na mkewe, na mchungaji akanitafuta kwa macho kwenye viti vya akina mama vilivyopangwa uani, akaniashiria nipite mbele nikatafsiri salamu zao. Nilishika koo, nikatikisa kichwa. Mwalimu mmoja wa sekondari akaenda badala yangu, akafanya kazi nzuri tu. Mimi nilibaki nimeinama pale uani, chini ya turubai jipya walilokuwa wamelifunga kuongeza kivuli kwa sababu kanisa lilijaa. Jua la saa sita lilipolichoma vizuri, turubai likaanza kutoa harufu yake, ile harufu ya plastiki ya moto iliyochanganyika na vumbi na jasho la watu waliokaa karibu karibu. Harufu hiyo ndiyo iliyonitoa machozi. Jirani yangu akanipa kitambaa, akidhani nimeguswa na mahubiri.

Sikuguswa na mahubiri. Nilikuwa nimerudi Lusenda, kijijini kwetu, nina miaka kumi na miwili, nimesimama chini ya turubai kama lile, na watu wazima wote wamenyamaza wananisikiliza mimi.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya ziwani, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kambi ya wakimbizi wa Burundi. Baba alikuwa fundi seremala. Alitengeneza milango, vitanda, madawati ya shule, na jeneza ilipobidi. Mama aliuza unga wa muhogo, na kambi hiyo ilipofunguliwa alihamishia meza yake kwenye soko la kule. Nilipotoka shule nilikwenda kumsaidia kupima. Nguo zangu zilinuka muhogo uliolowekwa, na darasani kwetu kuna wasichana waliokuwa wakinisukumia upande wa dirisha, eti upepo uchukue. Nalisema hili si kwa kutafuta huruma. Nalisema ili mwelewe kiu niliyokuwa nayo ya kitu chochote kisichonuka muhogo.

Nyuma ya soko kulikuwa na darasa lisilo na ukuta: nguzo sita, turubai juu, na ubao wa kuandikia uliopakwa weusi wa betri kuukuu zilizopondwa. Aliyefundisha hapo aliitwa Mwalimu Nestori. Kwao Burundi alikuwa akifundisha Kiingereza sekondari. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na kitu pekee cha shule alichokuwa amevuka nacho mpaka ni kamusi nene ya Kiingereza isiyo na jalada, ambayo mgongo wake alikuwa ameushona kwa uzi wa wavu. Haikuwa kamusi ya kueleza maana tu. Mwisho wa kila neno, kwa herufi ndogo kama sisimizi, ilieleza neno hilo lilikotoka.

Nilianza kwa kusimama nje, ungo mkononi, nikijidai ninapepeta. Siku ya tatu au ya nne akaniona.

“Wewe, mtoto wa mama wa unga,” alisema. “Mbona unasimama juani? Kivuli hakilipiwi. Ingia.”

Siku hiyo alikuwa anafundisha neno “muscle”. Alikunja mkono wake mwembamba, kikatokea kidonge kidogo cha nyama, akakifanya kiruke. “Mnaona nini?” akauliza. Watoto wakacheka. Akasema watu wa zamani, wenye lugha iitwayo Kilatini, waliona kapanya kanakimbia chini ya ngozi, wakaita hivyo, kapanya. Wafaransa wakalichukua, Waingereza wakalichukua, na leo madaktari wakubwa wanalitamka hospitalini kwa heshima zote, kumbe wanasema panya.

Nilihisi kama mtu amenifungulia mlango wa stoo. Shuleni tulisoma kwa Kifaransa, kwa kukariri, kama unavyobeba mzigo uliofungwa bila kuambiwa ndani mna nini. Mwalimu Nestori alifungua mizigo. Alituonyesha kwamba “companion” ni mtu mnayekula naye mkate. Alituonyesha kwamba “rival” alikuwa tu mtu mnayechota naye maji kwenye kijito kimoja, na hapo darasa zima likapiga kelele, kwa sababu asubuhi hiyo hiyo wanawake wawili walikuwa wamevutana nywele kwenye bomba.

“Wewe unayesoma Kifaransa,” aliniambia, “nusu ya Kiingereza unayo tayari mfukoni. Maneno makubwa yote ni ndugu. Ni madogo ndiyo yatakayokusumbua.”

Nilisikia nusu ya kwanza ya maneno hayo, ya pili nikaiacha ipite.

Akili yangu ya kitoto ikajenga jambo lake. Nilidhani maneno yana vyeo, kama watu kanisani. Mafupi ni waumini wa nyuma, marefu ni mashemasi, na yale yenye mizizi ya Kilatini ni maaskofu. Nikaona ni aibu kutumia muumini pale ambapo askofu yupo. Nikajaza daftari. Sikusema “big”, nilisema “enormous”. Sikusema “help”, nilisema “assist”. Watoto wa kambini wakaanza kuniita Diksionere, yaani Kamusi, na mimi nikaitika. Sokoni nilimtazama mama akikosea Kifaransa mbele ya mteja nikageuza uso. Mama aliona. Alipanguza tu mikono yake kwenye kitenge, akaendelea kupima.

Siku moja tulifika kwenye neno “fabricate”. Mwalimu alikuwa na homa kidogo, amejifunika shati la pili juu ya la kwanza. Aliniita mbele.

“Baba yako anafanya kazi gani?”

“Iko fundi ya mbao, Mwalimu.”

“Basi baba yako ni ‘faber’. Ndivyo Kilatini kilivyomwita fundi, mtu wa kutengeneza kwa mikono. Kutoka kwake tukapata ‘fabricate’. Kifaransa mnasemaje?”

“Fabriquer!” nikajibu kwa nguvu, maana neno hilo hata wasiosoma kwetu wanalo, wanasema amefabrike kiti, amefabrike mtumbwi.

“Vizuri. Sasa subiri, halijaisha. Neno hili Kiingereza kilipolichukua...”

Sikusubiri. Mama alikuwa anafunga gunia, na mimi nilikuwa nawaka kutaka kufika nyumbani nimwambie baba kwamba ana jina la Kilatini.

“Nimeelewa, Mwalimu!” nikasema, na nilikwisha kukusanya daftari.

“Kujua neno lilizaliwa wapi si kujua limeishije,” aliniambia mgongoni. “Kesho nikumbushe.”

Sikumkumbusha. Nilimwambia baba, naye akacheka mpaka akaweka randa chini. Kwa wiki nzima kila mteja aliyeingia kwenye karakana aliambiwa, “Mutoto yangu anasema mi niko faber. Ni jina ya kizungu ya zamani sana.” Sikuwahi kumwona baba akijivunia kazi yake namna ile. Nikalipenda neno kuliko yote daftarini, nikawa natafuta tu mahali pa kulitumia.

Mahali palipatikana.

Kambini kulikuwa na wazee na wagonjwa wasioweza kutembea hadi uwanja wa kugawia chakula. Njia ina mteremko, na mvua ikinyesha inakuwa utelezi mtupu. Mama Konsolata, Mrundi mwenye kifua kipana na sauti ya kuamrisha, rafiki wa kwanza ambaye mama alimpata sokoni, alikuwa akiwabeba baadhi yao mgongoni. Ndiye aliyemwendea Mwalimu Nestori, wakashauriana, na kwa muda wa mwezi mzima wao na wanawake wengine wakapita nyumba kwa nyumba wakiandika: nani hana miguu, nani haoni, nani anaishi peke yake. Walitaka kuomba kitu kimoja tu, kwamba wale wa kwenye listi wapelekewe chakula karibu na nyumba zao. Mwalimu aliiandika listi yote kwa mkono, kwa herufi zake zilizonyooka kama mistari ya shamba.

Wakaja wageni wa shirika la misaada kusikiliza malalamiko. Walikuwa wawili, mwanamke mwenye miwani na mwanamume kijana, na Kifaransa chao kiliishia kwenye bonjour. Mtafsiri wao alikuwa nyuma, gari lake limekwama kwenye matope huko njiani, na mawingu yalikuwa yanashuka mlimani. Mvua ingewatangulia, wasingeweza kurudi. Bwana wa ofisi, Mkongomani mwenzetu aliyesimamia mambo ya kambi, alituma watu wamwite Mwalimu Nestori. Wakarudi wakisema malaria imemlaza, hawezi hata kuketi. Ndipo mtu mmoja katika umati akasema, “Kuko mutoto ya mama ya bunga. Ule Diksionere. Anajua Kingereza mubaya sana.”

Kwetu mubaya sana ni sifa. Nilisukumwa mbele kabla mama hajasema ndiyo wala hapana. Kwa mara ya kwanza maishani sikufikiri nguo zangu zinanuka nini.

Nilianza vizuri. Mama Konsolata alisema sentensi fupi fupi, mimi nikazigeuza, yule mwanamke akaandika akiitikia kwa kichwa, akanitabasamia. Nilisema “enormous difficulty”. Nilisema “elderly”. Kila neno lililotoka nililisikia likilia kama kengele, nami nikaona baadhi ya watoto wa darasani wakinionyesha kwa vidole. Kisha Mama Konsolata akainua makaratasi.

“Mwambie hii listi tumeitengeneza sisi wenyewe,” alisema. “Hakuna mtu wa ofisi aliyetusaidia. Tumeitengeneza wote pamoja, na kila jina tumefika kwake.”

Kutengeneza. Moyo wangu uliruka. Nilimwona baba na randa yake. Nikavuta pumzi, nikamwambia yule mwanamke kwa Kiingereza kwamba listi hii wameifabrike wenyewe. “They fabricated it,” nilisema, kila silabi mahali pake.

Kalamu yake ikasimama. Akanitazama, akamtazama mwenzake. Akarudia neno hilo polepole, kwa sauti ya kuuliza, akasema: una hakika?

Mimi nilidhani ananipima. Nilidhani anashangaa mtoto wa Lusenda alipata wapi neno kama hilo, na anataka kuona kama nalijua kwa kweli au nimebahatisha. Nikanyoosha mgongo. Nikajibu ndiyo, madam, nina hakika kabisa, wameifabrike wote pamoja.

“Umesema ile kwamba tulifika kwa kila mtu?” Mama Konsolata akaniuliza pembeni.

Sikuwa nimesema. Neno langu lilikuwa limenilewesha hata nikaisahau sentensi iliyobaki. “Nimesema yote, Mama,” nikajibu.

Yule mwanamke aliandika neno “fabricated” kwenye kitabu chake, akalipigia mstari chini. Mara mbili. Nililiona kwa macho yangu. Nikaamini amelipenda.

Kabla ya kupanda gari alinipa kalamu yake ya bluu. Aliniinamia akaniambia kwamba mimi ni msichana mkweli. Hayo niliyaelewa yote, na nilimtafsiria mama kwa hiari yangu, mara mbili, njiani tukirudi.

Wiki zikapita. Jibu lilipokuja, bwana wa ofisi alilisoma sokoni, karibu na meza yetu, kwa sauti ya mtu asiyetaka maswali. Ombi la wazee limekataliwa. “Bageni banaandika kama bawakilishi benyewe balikubali listi ni ya bongo,” alisema, yaani ya uongo. “Banasema batu balitunga majina. Na ule mwalimu mwenye aliandika, asifundishe tena mpaka ukweli ijulikane.”

Kelele zilizozuka sikuzisikia vizuri. Nilikuwa na kibaba cha unga mkononi. Bado sikujua. Ila nilikumbuka kalamu iliyosimama, na ile mistari miwili.

Nilikimbia hadi nyumba ya Mwalimu Nestori. Hakuwepo. Alikuwa amekwenda ofisini kujitetea, angali dhaifu, anatembea akishika kuta za watu. Mlango ulikuwa pazia tu. Kamusi ilikuwa juu ya sanduku. Niliifungua kwa vidole vyenye unga, nikalifikia neno langu. Maana ya kwanza ilikuwa kutengeneza, kuunda, kama alivyonifundisha. Maana ya pili, chini yake tu, ilikuwa kutunga uongo ili kudanganya.

Mistari miwili. Na hiyo maana ya pili ndiyo aliyotaka Mwalimu kuniambia siku ile nilipomwonyesha mgongo.

Nilikuwa bado nimepiga magoti pale aliposogeza pazia. Aliketi kitandani akihema. Alikuwa ametoka kuwaeleza kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, akaomba wampe karatasi awaandikie wageni kwa Kiingereza. Bwana wa ofisi alimjibu kwamba aliyesema alikuwa mtoto wa nje, si mkimbizi, hana faida yoyote katika jambo hili, na mtoto hana sababu ya kudanganya.

“Nisaidie kuelewa,” Mwalimu akaniambia. “Mama Konsolata alipowaambia tumeitengeneza wenyewe, ulitumia neno gani?”

Kamusi ilikuwa imefungwa mapajani mwangu. Ningeweza kusema. Hakuna aliyenishika mdomo, wala hakuna aliyenitisha, na yule mtu alikuwa hajawahi kunipandishia sauti hata mara moja. Nimejiuliza miaka yote hii niliogopa nini, na jibu ninalolipata halinipendezi: sikuogopa adhabu, niliogopa kuacha kuwa Diksionere.

“Nilisema ‘made’, Mwalimu,” nikamwambia. “They made it.”

Akafumba macho. “Basi ni wao,” alisema. “Walitaka kukataa, wakatafuta njia. Wewe ungekosea, ningeshangaa. Wewe hukosei maneno.”

Nilirudisha kamusi juu ya sanduku. Kwenye ukurasa kulibaki alama ya kidole changu, nyeupe.

Baada ya hapo nilianza kuumwa kichwa kila siku ya soko. Mama alikwenda peke yake. Baba aliendelea kuwasimulia wateja kwamba binti yake aliwatafsiria wazungu, nami nilikuwa nikiisikia sauti yake ikivuka ua, natamani randa imzidi kelele. Darasani kwa Mwalimu Nestori ubao uling'olewa. Nguzo zikabaki, turubai likabaki, mbuzi wakaanza kulala pale.

Kisha mvua za kweli zikaanza. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kirundi aliyeitwa Verediana, jina lake lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa listi. Siku ya mgao Mama Konsolata alikuwa na mtoto mgonjwa, hakuweza kumbeba. Bibi akasema atashuka mwenyewe, taratibu, na fimbo. Aliteleza kwenye ule mteremko, akavunjika nyonga.

Mama alileta habari hiyo jioni, pamoja na nyingine. Mama Konsolata alikuwa amehamia kwa muuza unga mwingine, na wanawake wengi wa kambini walimfuata.

“Sijuwe nimemukosea nini,” mama alisema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, unga mwingi kuliko kawaida umebaki guniani. “Nilimusalimia, akaitika kama mutu anasalimia polisi. Akasema tu, muulize mutoto wako. Nikuulize nini?”

Baba alikuwa mlangoni. Nikaanza kulia kabla sijafungua kinywa, na mama akadhani ni kwa ajili yake, akaninyooshea mkono. Hilo ndilo lililonivunja. Nikasema yote: neno, mistari miwili, kamusi, na uongo nilioutoa nikiwa nimepiga magoti. Nilipofika kwenye maana ya pili, sikuweza kumtazama baba.

Hakuna aliyenipiga. Baba akauliza tu, “Na ile neno ulisema iko jina yangu?”

“Ndiyo, Papa.”

Akatoka nje. Tangu siku ile sikumsikia tena akilitaja.

Asubuhi mama alifunga kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, tukaenda. Mwalimu Nestori alikuwa anachambua maharage mbele ya nyumba yake. Nilisimama mbele yake nikasema. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, kisha akauliza swali moja.

“Ulijua lini?”

Ningeweza kudanganya tena. Namshukuru Mungu kwa mkono wa mama uliokuwa umenibana. “Siku ile uliniuliza,” nikasema. “Nilikuwa nimesoma tayari.”

Aliweka ungo chini. Nilingoja hasira, ikawa afadhali ingekuja. Alinitazama tu, kama mtu aliyesoma sentensi vibaya mara ya kwanza na sasa anaisoma upya. Kisha akaingia ndani akavaa viatu.

Tulikwenda ofisini sote watatu. Nililirudia lile lile mbele ya bwana wa ofisi, naye akaandika, akagonga muhuri, akasema ripoti ya wageni imeshakwenda juu, hii itaifuata. Iliifuata kwa mwendo wake. Listi ilikuja kukubaliwa, lakini msimu mwingine wa mvua ulikuwa umepita katikati, na watatu kati ya wale walioandikwa hawakuwepo tena kupelekewa chochote. Sitasema walikufa kwa sababu yangu. Walikuwa wazee. Sitasema pia kwamba hawakufa kwa sababu yangu, maana waliteremka ule mteremko na mimi nilijua.

Mwalimu alirudishiwa darasa lake. Mama Konsolata alirudi kwenye meza ya mama, baada ya muda, na mimi alinisamehe kwa namna yake, kwa kunipigia kelele kama anavyowapigia watoto wake. Hayo yote yalikuja baadaye. Siku ile, tulipotoka ofisini, Mwalimu Nestori alisema kuna mtu mmoja bado.

Bibi Verediana alikuwa amelala juu ya mkeka katika chumba kidogo chenye giza la plastiki, mguu umefungwa kwa vipande vya mbao. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Hakujua Kiswahili, ila Kirundi peke yake. Kwa hiyo ilibidi nisimame pale niseme kwa Kiswahili, na Mwalimu Nestori atafsiri.

Nilisema kidogo, nikanyamaza, akasema. Nilisema tena. Nilijaribu kuingiza kwamba nilikuwa mdogo, kwamba mwalimu hakuwa amemaliza kunifundisha neno lile, nikamsikiliza nione kama ataliacha hilo au ataligeuza kujitetea. Hakuliacha wala hakuligeuza. Sielewi Kirundi sana, lakini nililisikia jina lake mwenyewe alipolitamka katika sentensi yangu, akijishtaki mwenyewe kwa mdomo wake, kwa sauti ile ile ya chini, bila kuongeza na bila kupunguza.

Bibi alisikiliza akiwa ametazama juu, kwenye turubai. Tulipomaliza akasema maneno machache.

Mwalimu alinigeukia.

“Anauliza, wageni walitaka kujua kama kuna wazee wasioweza kutembea. Yeye alikuwepo hapa hapa. Kwa nini hawakuja kumtazama, wakakuuliza wewe?”

Mama akashusha pumzi. Bibi alikuwa amegeuza kichwa sasa, ananitazama, anasubiri. Na Mwalimu Nestori naye aliinama kidogo upande wangu, kinywa kimekaa tayari, akingoja niseme chochote kile ili akitafsiri.

Alingoja kwa muda mrefu sana.